Kuipinga hataza ya elektroniki: tafuta waraka wa zamani, kisha thibitisha tarehe yake

Barua imekuja: chaja unayouza inadaiwa kuvunja hataza (patent, haki ya pekee juu ya uvumbuzi) ya mtu. Kabla ya kulipa leseni au kubadilisha saketi, chunguza kama hataza yenyewe ilistahili kutolewa. Ikionyeshwa kwamba kinachodaiwa kilikwisha kujulikana hadharani, au kilikuwa dhahiri kwa fundi mwenye ujuzi wa kawaida, hataza inafutwa. Hayo yaliyojulikana kabla tutayaita teknolojia iliyotangulia. Hatua zilizo hapa ni za Marekani, na Ulaya inatajwa pale tofauti inapouma. Hataza ni ya nchi kwa nchi: ya Marekani pekee haikuzuii kuuza Mombasa, kwa hiyo angalia kwanza imesajiliwa wapi na kama ada zake za kila kipindi zimelipwa.

Hatua ya 1: Vunja dai vipande

Wengi huanza na michoro, na hapo ndipo wanapopotea. Michoro haimfungi mtu. Kinachofunga ni madai yaliyo mwishoni mwa hati. Chukua dai huru, yaani lisilotegemea dai jingine, kwa kawaida namba 1, uligawe. Tuchukue mfano wa kubuni:

Kifaa cha kuchaji betri, chenye: (a) rigaleta ya volti (chipu inayoshikilia volti isibadilike) yenye pini ya kurekebishia, (b) rezista ya kupimia mkondo kati ya hasi ya betri na graundi, (c) transista inayovuta pini hiyo kuelekea graundi mkondo unapozidi, (d) thamista (kihisi joto) inayokatiza chaji betri inapopata joto.

Ili kuua upya wa dai hili, waraka mmoja lazima uonyeshe vipande vyote vinne, vikiwa vimeunganishwa vilevile. Vitatu kati ya vinne havitoshi. Kwa upande mwingine, saketi ya zamani kuwa na vitu vya ziada, kama fyuzi au taa ya LED, hakumwokoi mwenye hataza, maadamu dai limeandikwa kwa namna ya "chenye" na si "chenye haya tu".

Hatua ya 2: Tafuta tarehe inayohesabika

Si tarehe ya kutolewa hataza. Ni tarehe ya kipaumbele, yaani siku ya ombi la kwanza lililoeleza kinachodaiwa. Ukurasa wa mbele ukionyesha mlolongo wa maombi, fungua lile la kwanza usome: je, thamista imo? Ikiwa iliongezwa katika ombi la baadaye, dai hilo linapata tarehe ya baadaye, na huenda umejipatia miaka miwili mitatu ya nyaraka bila jasho. Kipengele hiki kinasahaulika mno.

Marekani humsamehe mvumbuzi aliyetangaza kitu chake mwenyewe ndani ya mwaka mmoja kabla ya kuwasilisha ombi. Ulaya haina msamaha huo wa jumla. Mwaka 2013 Mahakama ya Shirikisho ya Hataza ya Ujerumani iliifuta hataza ya Apple ya picha inayorudi kama mpira ukifika ukingoni. Kilichoiangusha ni video ya Steve Jobs mwenyewe akiionyesha jukwaani Januari 2007, kabla ombi halijawasilishwa.

Hatua ya 3: Soma jalada la uchunguzi

Ni barua zote kati ya mwombaji na mchunguzi, afisa aliyelipima ombi. Liko bure kwenye Patent Center, tovuti ya ofisi ya hataza ya Marekani, USPTO. Kwa Ulaya tumia Rejista ya Hataza ya Ulaya. Tafuta barua ambamo mwombaji alimjibu mchunguzi: "uvumbuzi wetu ni tofauti kwa sababu una X." Hiyo X ndiyo shabaha yako. Ikiwa hataza ilipita kwa sababu ya thamista tu, usipoteze wiki ukitafuta rigaleta. Angalia pia nyaraka zilizotajwa ukurasa wa mbele. Zenye kinyota zilitajwa na mchunguzi. Ukirudi na waraka uleule aliokwisha kuupima, ombi lako linaweza kukataliwa kwa hilo tu.

Hatua ya 4: Tafuta

Anza na hataza za zamani kwenye Google Patents na Espacenet, hifadhidata ya ofisi ya hataza ya Ulaya, ukitumia alama za uainishaji na si maneno peke yake: H02J 7 kwa kuchaji betri, H02M kwa vigeuzi vya umeme, H05B 45 kwa draiva za LED. Maneno hudanganya, maana kile mmoja anachokiita "kipima mkondo" mwingine amekiita "kidhibiti". Za Kijapani usiziruke. J-PlatPat, hifadhidata ya hataza za Japani, ina tafsiri ya mashine.

Kisha nenda kule wachunguzi wasikofika mara nyingi: datashiti (karatasi za maelezo ya kiufundi ya chipu), maelezo ya matumizi ya watengenezaji wa chipu, miongozo ya mafundi na makala za IEEE, chama cha wahandisi wa umeme. Kwa mfano wetu, datashiti ya LM317, rigaleta ya National Semiconductor, ina mchoro wa chaja ya volti 6 yenye rezista ya ohmu 1 upande wa hasi ya betri na transista ya NPN. Mkondo ukifika takriban ampea 0.6, volti 0.6 juu ya rezista hiyo huiwasha transista, nayo huivuta pini ya ADJ, yaani ya kurekebishia, chini. Hapo (a), (b) na (c) zimekwisha. Imebaki (d).

Kwa vifaa vya redio, tafuta kwa namba ya FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, iliyobandikwa kwenye kifaa. Utapata picha za ndani na mwongozo wa mtumiaji. Tahadhari: picha hizo zinaweza kufichwa hadi siku 180 baada ya kibali, kwa hiyo tarehe ya kibali si lazima iwe tarehe ya kuonekana hadharani. Michoro ya saketi kwa kawaida hubaki siri.

Hatua ya 5: Thibitisha kwamba umma ungeweza kuupata

Hapa ndipo maombi mazuri yanapofia. Tarehe iliyochapwa pembeni mwa datashiti inaonyesha toleo lilipoandaliwa. Haithibitishi kwamba lilimfikia mtu yeyote. Tafuta kitu cha kulishikiza: kitabu cha datashiti chenye mhuri wa maktaba, kiapo cha mkutubi, au nakala kwenye Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za zamani za wavuti ya Internet Archive. Anwani ya nakala hiyo ina tarakimu 14: mwaka, mwezi, siku, saa, dakika, sekunde. PDF iliyounganishwa kwenye ukurasa ina tarakimu zake, na zinaweza kutofautiana na za ukurasa kwa miaka. Soma zote mbili. Internet Archive hutoa kiapo kwa ada.

Hatua ya 6: Jaza jedwali

Safu mbili: kushoto maneno ya dai neno kwa neno, kulia nukuu kutoka waraka pamoja na ukurasa, safu na mstari. Usiandike "inaonekana katika mchoro"; taja rezista ipi, kati ya nukta zipi.

Kwa (d) unahitaji waraka wa pili, mathalani datashiti ya chipu ya kuchaji yenye pini ya thamista. Sasa hoja ni ya udhahiri, na lazima useme kwa nini fundi angeviunganisha viwili hivyo: betri ikipata joto ikiwa chajini huharibika, na waraka wa pili wenyewe unasema thamista inazuia hilo. Katika kesi ya KSR dhidi ya Teleflex, 2007, Mahakama Kuu ya Marekani ilifuta dai la kufunga sensa ya elektroniki kwenye pedali ya gari kwa hoja ya aina hii. Bila sababu hiyo utaambiwa umeunganisha vipande ukiwa tayari unalijua jibu.

Hatua ya 7: Chagua mlango

Ombi likiwa bado halijakubaliwa, peleka nyaraka kwa mchunguzi: Marekani, tatu za kwanza ni bure, Ulaya ni bure na unaweza kuficha jina. Hataza ya Ulaya ikishatolewa, una miezi 9 ya kuweka pingamizi.

Marekani, mapitio ya pande mbili mbele ya USPTO yaitwayo IPR (inter partes review) hupokea hataza na machapisho tu. Kifaa chenyewe cha zamani hakikubaliki. Peleka mwongozo wake. Ombi lisizidi maneno 14,000, na tangu Januari 2025 ada za ofisi kwa madai yasiyozidi 20 ni jumla ya dola 51,875, bila wakili wala mtaalamu. Mkurugenzi wa USPTO anaweza pia kulikataa kwa hiari yake, hata hoja ikiwa na nguvu. Uchunguzi upya wa upande mmoja ni wa bei nafuu na uko wazi kwa yeyote, ila ukishaomba, mwenye hataza ndiye anayezungumza na mchunguzi.

Ukishakabidhiwa hati ya mashtaka, mlango wa IPR hufungwa baada ya mwaka 1. Na IPR ikifika hukumu ya mwisho, huwezi kupeleka mahakamani hoja uliyoitoa wala uliyoweza kuitoa pale juu ya dai lilelile. Kwa hiyo usiuweke akiba waraka wako bora.