Kuandika Muhtasari wa Kikao cha Bodi Usiozua Ugomvi

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia katibu mpya wa chama cha ushirika cha wakulima wa chai wilayani Rungwe, ambaye alikabidhiwa kalamu na daftari bila kuelekezwa. Aliyezoea barua za kikazi na madokezo atakuta mengi anayoyafahamu, isipokuwa kwamba katika muhtasari anayesema si mwandishi bali ni kikao. Mkaguzi wa COASCO (shirika la serikali la kukagua vyama vya ushirika) au afisa ushirika wa halmashauri anapotaka kujua ni nani aliyeruhusu fedha fulani itoke, huomba kuonyeshwa muhtasari.

Hatua ya 1: Andaa kurasa kabla ya kikao

Nakili agenda kutoka kwenye barua ya mwaliko, kila moja juu ya ukurasa wake. Mahudhurio yagawe katika mafungu: wajumbe waliohudhuria, wasiohudhuria kwa udhuru, wasiohudhuria bila udhuru, na waalikwa. Mwalikwa hahesabiwi katika akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotakiwa ili kikao kiwe halali, kwa hiyo asichanganywe na wajumbe.

Hatua ya 2: Andika kwa mkono wakati kikao kinaendelea

Tumia kaunta buku na kalamu ya wino. Wapo wanaotegemea kurekodi kwa simu, nami siwashauri: mvua ya Tukuyu ikianza kupiga paa la bati hutasikia chochote katika sauti uliyorekodi, na hata siku ya jua utalazimika kukisikiliza kikao chote upya. Isitoshe, wajumbe wakiona simu mezani huacha kusema yaliyo moyoni.

Hatua ya 3: Andika azimio, si mazungumzo

Hapa ndipo mihutasari mingi inapoharibika. Tazama sentensi hii: "Suala la mizani ya kituo lilijadiliwa kwa kina na wajumbe walikubaliana lishughulikiwe haraka." Haisemi nani atashughulikia, lini, wala kwa fedha ipi, na kikao kijacho kila mmoja atasema alidhani ni kazi ya mwenzake. Iandike hivi: "Bodi iliazimia kwamba Meneja awaite Wakala wa Vipimo waikague mizani ya kituo cha kununulia majani mabichi kabla ya tarehe 30 Juni 2025, na gharama ilipwe kutoka fungu la matengenezo."

Ikiwa wajumbe wamezungumza sana bila kuamua, usiwatungie uamuzi. Nyoosha mkono kabla ya agenda inayofuata kufunguliwa, useme: "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba kujua hapa niandike azimio gani." Wengine watakuona msumbufu, vumilia, kwa sababu baada ya kikao kufungwa kila mjumbe atakupa azimio lake.

Vitenzi navyo vichaguliwe kwa uangalifu mkubwa. Bodi ikipokea taarifa ya mapato na matumizi haijaiidhinisha. Imekiri tu kwamba imeletwa mbele yake. Ikishauri, Meneja anabaki na hiari, lakini ikiagiza hana. Ukiandika "iliidhinisha" mahali pa "ilipokea", umeipa baraka za bodi hesabu ambayo pengine bado ina maswali, na mkaguzi ataisoma kama ulivyoiandika.

Majina ya wachangiaji yaache, isipokuwa mambo matatu: mtoa hoja na aliyemuunga mkono pale hoja rasmi inapotolewa, mjumbe aliyeomba pingamizi lake liandikwe, na mjumbe aliyetangaza maslahi yake katika jambo linalojadiliwa, kwa mfano mwenye lori linalotaka kukodiwa na chama. Huyo wa mwisho eleza pia kama alitoka nje wakati wa uamuzi. Kiasi cha fedha kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, hata kama kinaonekana kidogo. Maneno ya hasira hayana nafasi, ingawa hoja iliyoyaleta inayo.

Hatua ya 4: Yatokanayo

Pitia maazimio ya kikao kilichopita moja baada ya jingine, na mbele ya kila moja uandike limetekelezwa, linaendelea au halijaanza, pamoja na sababu.

Hatua ya 5: Rasimu, uthibitisho na saini

Chapa rasimu ndani ya siku mbili, kumbukumbu zikiwa bado mbichi, kisha umpelekee mwenyekiti. Rasimu isirushwe kwenye kundi la WhatsApp la wanachama, maana itasambaa kijijini ikiwa na makosa ambayo bodi haijayaona. Katika kikao kinachofuata wajumbe wakitaka sahihisho, usichape ukurasa mpya kimyakimya: kata kwa mstari mmoja ili neno la awali lisomeke, andika neno lililo sahihi juu yake, na mwenyekiti na katibu watie saini fupi pembeni. Baada ya muhtasari kuthibitishwa, wote wawili wasaini mwishoni na kuandika tarehe ya kuthibitishwa, ambayo si tarehe ya kikao chenyewe. Nakala halisi iingie kwenye jalada la mihutasari, na kaunta buku nayo itunzwe hata ikijaa.