Chagua mbegu ya muhogo majani yakiwa bado mtini

Kila msimu nakuta jambo lilelile: mkulima anang'oa muhogo wote, miti anairundika pembeni, mvua zikikaribia ndipo anaenda kuchagua mbegu kwenye rundo. Miti ile haina tena majani wala mizizi. Utajuaje upi ulikuwa mgonjwa?

Mahindi huzaliana kwa chavua, mtoto akachanganya baba na mama. Muhogo nao hutoa maua, na watafiti wa kituo cha Amani, Tanga, waliyatumia tangu miaka ya 1930 kutafuta aina zinazohimili magonjwa. Sisi shambani tunapanda pingili, na pingili ni mama yuleyule aliyekatwa vipande. Uzaaji wake unahamia shamba jipya, na virusi vyake pia. Dawa ya kuviua hakuna.

Ugonjwa wa michirizi kahawia ndio unaowaponza wengi. Batobato, ugonjwa mwingine wa virusi, hukunja jani, kila mtu huiona. Michirizi hailikunji, huacha njano kandokando ya mishipa ya majani ya chini, na majani hayo hupukutika kiangazi. Ukija kuvuna, mti unaonekana mzima kumbe mihogo imeoza kwa ndani, mikavu, ya kahawia. Halafu udongo ndio unalaumiwa!

Kwa hiyo uliyepanda Novemba, kagua Februari, rudia Mei. Inama uyaone majani ya chini. Mti safi ufunge kamba. Ekari moja kwa nafasi ya mita 1 kwa 1 inataka pingili 4,000. Mti ukitoa 10, funga miti 400, na 50 ya ziada kwa sababu mingine utaikataa. Siku ya kuvuna, kata mihogo ya kila mti wenye kamba. Ukiona doa la kahawia hata kwenye mmoja, mti huo choma. Usiniambie doa ni dogo.

Pingili ni za sehemu ya kati, kwenye mti wa miezi 8 hadi 18, sentimita 20 hadi 30, macho (sehemu zinapochipukia) 5 hadi 7. Wapo wanaokata ya macho mawili ili mbegu itoshe, nazo hukauka ardhini. Mbegu haitoshi? Punguza eneo. Ukikata, utomvu utoke papo hapo, usipotoka, tupa.

Zikichipua ndani ya wiki mbili, mbegu ilikuwa hai. Mche wowote utakaoonyesha njano baadaye, ng'oa siku hiyohiyo, kabla nzi weupe hawajaubeba ugonjwa kwenda kwa wenzake.