Una akaunti kila mtandao? Namna ya kuzipunguza bila kujiharibia

Kuna ushauri wanapewa sana wanaoanza biashara, eti jiunge kila mtandao ndo wateja wakuone. Matokeo yake mtu anauza viatu vya mtumba pale soko la Karume, Dar, ana Facebook, Instagram, TikTok, X, Threads, Telegram na WhatsApp mbili, simu moja na bando la wiki. Mteja anauliza kule Facebook Jumatatu "namba 42 ipo?" anajibiwa Ijumaa, ashanunua kwingine zamani. Akaunti usiyoiangalia ni duka lina bango, mlango uko wazi ila muuzaji hayupo.

Na mlango wazi maana yake yeyote anaingia. Hili watu wengi hawalijui: ile laini uliyofungulia Facebook kipindi kile halafu ukaiacha, usipoitumia muda mrefu kampuni inaifunga na baadae namba inauzwa kwa mtu mwingine, sasa huyo akibonyeza "umesahau nywila" namba ya uthibitisho inaenda kwake sio kwako, anaingia kiulaini kabisa. Kesho yake shangazi anapokea inboksi "nimekwama, nitumie elfu hamsini nitarudisha jioni", na picha ni yako kwa hiyo anatuma. Ukiwa umetumia nywila moja kote ndo basi tena, ikivuja mtandao mmoja wanajaribu na mingine yote.

Sasa unafanyaje. Anza kwa kuzitafuta maana zingine ushazisahau, fungua barua pepe yako andika "welcome" au "verify" kwenye sehemu ya kutafuta, utashangaa. Namba za zamani nazo zijaribu kwenye "umesahau nywila" ya Facebook uone kama inakuletea jina lako. Ukiikuta akaunti na bado unaweza kuingia, toa hiyo namba weka unayotumia leo, hata kama unaenda kuifuta.

Kabla ya kufuta angalia programu gani ulijiunga nazo kwa kubonyeza "ingia kwa Facebook", hizo ukifuta Facebook nazo zinaweza kukufungia nje, zibadilishie njia ya kuingia kwanza. Danlodi na picha zako, hasa za watoto na za marehemu.

Halafu kuondoa programu kwenye simu SIO kufuta akaunti jamani, akaunti inabaki hewani vilevile. Na kuizima sio kuifuta, ukiizima inajificha tu, isipokuwa X ambako kuizima ndo njia yenyewe ya kufuta. Chagua kufuta kabisa. Facebook, Instagram, TikTok na X wanakupa siku 30, ndani ya hizo ukiingia kuchungulia unaweza kuirudisha, so toka kwenye vifaa vyote uachane nayo. Telegram inajifuta yenyewe ukiitelekeza, muda unaupanga mwenyewe kwenye mipangilio. Threads ilipotoka Julai 2023 ilikuwa huwezi kuifuta bila kufuta na Instagram, siku hizi inafutika peke yake.

Ubaki na ngapi? Mimi nasema mbili kwa muuzaji mdogo, mmoja wa kuonyesha bidhaa na WhatsApp ya kuongelea bei, basi. Wapo wanaosema shika jina kote matapeli wasikuwahi, sawa, kama jina lako limeshakuwa kubwa fanya hivyo, ila andika pale juu "oda ni WhatsApp tu" na ufunge meseji.

Hizo mbili zilizobaki, ile ya bidhaa ipe nywila yake peke yake, na zote uthibitisho wa hatua mbili uwashe, kwa WhatsApp ni ile pini ya tarakimu 6, ukiwa hapohapo zima kupakua picha na video zenyewe kwa data, maana magrupu ya harusi na send-off yanamaliza bando hata kabla hujaposti kiatu kimoja.