Fezanti Anakusikia Kabla Hujafunga Mlango wa Gari

Kama ulikulia Karamoja, Acholi au West Nile, kaskazini mwa Uganda, na wazee waliwahi kukuchukua porini, somo la kwanza ulilopewa ni upepo: mnyama akinusa jasho lako, kazi imekwisha. Sasa uko South Dakota, Marekani, au kijiji fulani cha Uingereza, mwenzako kazini amekualika kumwinda fezanti. Somo lile ni la wanyama wenye pua. Huyu ndege anakutambua kwa sikio na jicho.

Jogoo wake humkosi: shingo ya kijani, pete nyeupe, uso mwekundu, mkia mrefu. Jike ni wa kahawia tu, na South Dakota ni marufuku kumpiga. Unaruhusiwa majogoo watatu kwa siku. Akisikia kitu, jogoo huinua shingo juu ya nyasi, hutulia kidogo, kisha huinamisha kichwa na kukimbia kati ya mistari ya mahindi. Kuruka ni hatua ya mwisho. Ndiyo maana wageni wengi hutembea shamba zima wakaapa kwamba halina ndege, kumbe ndege walishatokea upande wa pili.

Kelele zinazomkimbiza ni zetu sisi watu. Mlango wa gari ukibamizwa, anajua. Egesha mbali, usukume mlango kwa nyonga mpaka ushike taratibu. Funguo na sarafu ziache garini, simu izime. Na maongezi, ndugu zangu! Sisi hatujui kutembea watano kimya, lakini hapo mtaelewana kwa mikono. Koti la nailoni linalokwaruza nyasi liache nyumbani. Theluji mpya haina sauti. Ile iliyoganda juu hupasuka kila unapokanyaga.

Upepo bado una kazi, ila kwa sababu nyingine. Ukitembea ukiukabili, sauti yako inabaki nyuma, na mbwa anapata harufu ya ndege. Siku ya upepo mkali kelele za majani ya mahindi zitaficha sauti yako, lakini fezanti naye hasikii vizuri, kwa hiyo anakuwa na wasiwasi na kuruka mapema.

Mwendo nao una siri yake. Ukitembea kwa hatua zilezile, anakupima na kukuacha upite. Nenda upande upande, kisha simama ghafla. Anadhani umemwona, anaruka. Mwisho wa shamba usikimbilie kuondoka, kwani waliokuwa wakikimbia mbele yako hubanana hapo. Mara nyingi wenzako wamesimama upande huo kuwazuia, kwa hiyo ndege anayeruka chini mwache usije ukawapiga wao, hata akiwa mnono kiasi gani.

Bunduki ya marisau, yaani vijipande vidogo vya risasi, isikuingize matatani. Marekani, mwenye viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi kushika silaha isipokuwa kwa masharti maalumu, mojawapo likiwa leseni halali ya uwindaji. Uingereza cheti hutolewa na polisi, na msimu ni 1 Oktoba hadi 1 Februari. Usiazime bunduki ya rafiki kwa mazoea. Unaweza pia kuingia msako bila silaha, kama mfurushaji mwenye fimbo anayewatimua ndege. Uingereza hata hulipwa, na kwa maoni yangu ndiyo njia bora ya kumjua ndege huyu.

Ndugu Waislamu wa Bombo na Arua: taja jina la Mungu kabla ya kufyatua, na ukimkuta yu hai, mchinje. Aliyepigwa na mwenzako, muulize shehe wako kwanza. Wote tafuneni polepole, maana marisau hubaki nyamani.

Ukija likizo nyumbani, usifanye ujuzi huo kwa kanga. Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 inataka kibali. Nenda hifadhi ya Kidepo na kamera, ubaki ndani ya gari: kanga huvumilia gari kuliko mtu anayetembea. Dereva azime injini mapema, na kioo kishushwe kabla hamjawakaribia.