Kufinyanga kioo cha akriliki cha ndege ndogo kwa kalibu

Nimeandika haya baada ya kumsaidia kijana wa Nkuhungu, Dodoma, anayejiundia ndege ya kiti kimoja. Ndege iliyosajiliwa ina taratibu zake za TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania), usiifanyie haya kienyeji.

1. Kalibu, yaani umbo la kulazia shiti. Jasi ya Itigi inatosha, ila iache ikauke kabisa. Piga msasa, kisha ivishe kitambaa cha flana kilichovutwa vizuri bila kunjo. Punje moja ya mchanga chini ya flana utaiona kwenye kioo maisha yako yote.

2. Shiti. Akriliki ni plastiki angavu kama kioo; chukua ya kumiminwa, siyo ile ya kusukumwa kwa mashine. Polikaboneti, plastiki nyingine angavu, ni ngumu kuvunjika, lakini inakwaruzika upesi na petroli inaidhuru. Mimi siitaki. Kata kubwa kuliko kipimo, maana ikipashwa mara ya kwanza hunywea kama asilimia 2.

3. Kukausha. Hapa ndipo wengi wanakwama. Utaambiwa Dodoma ni kukavu, hakuna haja. Kumbuka shiti imepitia Dar na kukaa stoo yenye joto la pwani, na akriliki hunyonya unyevu wa hewani. Ukiipasha hivyo hivyo hadi joto la kufinyanga, ule unyevu unachemkia ndani na kutoa vipovu vidogo vinavyometa kama vya soda. Vikishatokea havitoki tena, hata upige polishi mpaka kesho.

Bandua karatasi pande zote mbili, itundike wima kwenye oveni, shikilia nyuzijoto 75 hadi 80. Ilale humo usiku kucha. Shiti nene itataka muda zaidi. Jua la juu ya bati halitoshi, usijidanganye. Usiamini namba za swichi ya oveni pia: weka vipimajoto viwili, juu na chini, kwa sababu oveni zinazochomelewa mtaani huwa na moto zaidi juu. Kabla ya kugusa shiti yenyewe, pasha kipande ulichokata pembeni mwake hadi nyuzijoto 165. Kikitoa vipovu, rudisha shiti ikaendelee kukauka.

4. Kufinyanga. Nyuzijoto 160 hadi 170. Kalibu nayo iwe ya moto kiasi. Funga milango, upepo wa Julai ukipiga upande mmoja shiti inapinda vibaya. Watu wawili, glavu safi za pamba, ilaze juu ya kalibu mara moja na ubane kingo.

5. Kupoza. Funika blanketi, usiiguse mpaka ishuke chini ya nyuzijoto 60.

6. Matundu. Butua kidogo makali ya biti ya drili ili ikwangue badala ya kuchimba. Tundu liwe pana kuliko skrubu: mita moja ya akriliki hurefuka karibu milimita 2 joto likipanda nyuzi 30, na ndege iliyoanikwa juani hapa inafika huko kirahisi. Ukishatoboa, irudishe oveni kwenye nyuzijoto 80 kwa saa kadhaa, ipoe taratibu humo humo. Safisha kwa maji na sabuni laini tu. Thina ikigusa ukingo wa tundu, nyufa zinaanzia hapo.