Jinsi ya kusoma barua za zamani za Waingereza kuhusu maharamia wa Ghuba

Watu wengi wakiingia Qatar Digital Library (maktaba ya mtandaoni yenye nyaraka za zamani za Waingereza kuhusu Ghuba ya Uajemi, ni bure kabisa) wanaanza na neno "piracy" wanakopi wanaondoka, wanakosa utamu wote. Mi nakushauri anza na mwaka, yaani angalia barua ni ya kabla au baada ya 1819, maana mwaka huo serikali ya Waingereza ya Bombay, India, ilituma jeshi na manowari chini ya Jenerali William Keir kwenda kupiga Ras al-Khaimah (bandari ya Ghuba, leo iko Falme za Kiarabu), na kabla ya hapo walishapeleka nyingine 1809 lakini meli zikaendelea kutekwa.

Halafu cheki nani anaandika na anataka nini, kwa sababu mwenye meli anataka asindikizwe na gavana anawaza gharama, na anayeitwa haramia kwenye barua mara nyingi hana barua yake humo ndani, hilo usilisahau hata kidogo. Wapo wanahistoria wanaosema Kampuni ya East India (kampuni ya Waingereza iliyotawala Bombay) ilikuza mambo ili ishike biashara.

Ukifika mkataba wa Januari 1820, kati ya Waingereza na masheikh wa Ghuba, soma taratibu. Humo hamna mizinga, kuna makaratasi! Kila chombo kiwe na bendera nyekundu na nyeupe, hati yenye jina na vipimo vya chombo, na cheti cha safari kinachotaja nahodha, mabaharia na silaha. Kama trafiki tu.

Baadaye ruka hadi 1835, suluhu ya baharini ya msimu wa kuzamia lulu, kisha 1853 ikawa ya kudumu.