Kabla hujafungua dawa ya tumbaku, angalia chini ya lebo

Msimu wa tumbaku huku Urambo, chupa za dawa zinazagaa kila nyumba, na wengi wetu tunasoma jina tu na bei. Igeuze chupa. Chini ya lebo kuna mstari wa rangi: nyekundu ni sumu kali kabisa, njano ni ya wastani, bluu ni hafifu, kijani ni nafuu kuliko zote. Nafuu, siyo salama. Shemeji yangu aliona kijani akapulizia kifua wazi, jioni macho yamevimba. Mimi nilimwambia kijani hiki siyo cha taa za barabarani.

Kwenye mstari huo kuna vipicha. Mtu anayepima dawa akiwa amezungukwa na glavu na miwani, maana yake hivyo vivae wakati wa kuchanganya, maana hapo dawa bado ni nzito. Kipicha cha mtu mwenye bomba kina vifaa vyake vya kuvaa wakati wa kupuliza. Fuvu na mifupa sihitaji kueleza.

Ile ya samaki aliyekufa na mti mkavu ndiyo inayopuuzwa. Ukiiona, bomba usilisafishie mtoni wala kisimani.

Na chupa ikiisha itoboe. Ukiifanya ya mafuta ya taa, lebo itabanduka, na mtoto hatakuwa na fuvu la kumwonya.